Ikapiga Kona, Ikaenda Wapi?

Mzee Bundi alisimama, akavuta koti lake chini, akaangalia juu kwenye mabati kama mtu anayetafuta mahali pa kutundika kofia, kisha akaachilia sauti:

"Bwana asifiwe!"

"Asifiwe!" kanisa likaitikia.

"Na tena?"

"Asifiwe sana!"

"Ndugu zangu, leo mimi nina shukrani. Jumatano mliona wenyewe. Ile mvua ya mawe ilishuka kutoka mlimani kama lori la kokoto limepoteza breki. Ikaja. Ikaja! Nikamwambia mke wangu Mama Mukiri, mama, leo waru zetu zimekwisha. Ikafika kwa ua wangu wa seng'enge, na hapo, mbele ya macho yangu haya, ikapiga kona! Ikapiga kona kama gari! Haikugusa hata jani. Mungu alipitisha kidole chake juu ya ule ua akasema, hapa hapana. Bwana asifiwe!"

"Asifiwe!"

Kanisa zima liliitikia, isipokuwa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa amekaa benchi la pili upande wa akina mama, kitambaa cheupe cha chama kichwani, mikono magotini. Gatakaa, mke wa marehemu kaka yangu. Shamba lake ndilo lililo upande wa pili wa ule ua.

Kama hujawahi kuishi huku Timau, nikueleze. Mvua ya mawe ya huku haimwagiki kila mahali. Inapita kwa mstari, kama mtu anayefyeka njia. Huku imesaga kila kitu, hatua chache pembeni kuku wanadonoa mchanga mkavu. Jumatano ile mstari ulipita juu ya viazi vya Gatakaa, waru kama tunavyoita huku, vikiwa vimechanua maua. Nilifika mawe yakiwa bado meupe kwenye mitaro. Hakukuwa na majani, kulikuwa na uji wa kijani. Alifukua shina moja kwa vidole, akatoa viazi vya ukubwa wa gololi, akavitazama kiganjani, akavirudisha udongoni na kuvifunika vizuri, kama mtu aliyemwamsha mtoto kwa makosa. Viazi vile ndivyo vilivyokuwa masomo ya binti yake Kajuju, aliye chuoni kule Nchiru.

Sasa akasimama kanisani.

"Mzee, samahani," akasema. "Ikapiga kona, ikaenda wapi?"

Mzee Bundi alipepesa macho. "Nani?"

"Hiyo mvua. Imefika kwa ua wako, kidole cha Mungu kimeikataza, imepiga kona. Nauliza, ikaenda wapi?"

Mtoto alilia mahali, akanyamazishwa.

"Ilienda... si ilienda zake, Mama Kajuju."

"Ilikuja kwangu. Kwa hivyo ukishukuru, mzee wangu, shukuru yote. Usikatie shukrani katikati. Sema hivi: nashukuru Mungu kwa kuwa alinikinga mimi akamsaga Gatakaa. Sema hivyo, nami nitakuitikia."

Hapo ndipo nilipopiga makofi. Peke yangu. Mimi kanisani hukaa karibu na mlango, si kwa unyenyekevu, ni ili niweze kutoka nikikasirishwa. Nilifukuzwa kwenye shamba la maua kwa kuuliza kwa nini dawa inapulizwa na sisi tukiwa bado ndani ya nyumba ya plastiki, na tangu siku hiyo nauliza bure, bila mshahara. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka!

Mchungaji Njiru akaruka. Ni kijana wa Embu, amelelewa mtaa wa Dallas pale mjini, ameletwa kwetu juzi akiwa na viatu visivyojua matope. Aligeukia kwaya, akapunga mikono kama mtu anayezima moto: "Pambio! Pambio, tafadhali!" Ngoma ikalia. Huku kwetu kanisa likishindwa kujibu, huimba.

* * *

Alhamisi wazee wakamwita Gatakaa. Kikao kilikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya madhabahu, wanamoweka ngoma na mifagio. Mimi sikualikwa. Nilikwenda kama shemeji, nikakaa juu ya ngoma.

Mzee Bundi alikuwa kwenye kiti, na pembeni yake Ednah, mwenyekiti wa chama cha akina mama, na wazee wengine wawili ambao kazi yao ilikuwa kukubali. Mchungaji Njiru aliomba, akafungua kikao kwa sauti ya mtu anayetamani kifungwe.

"Mama Kajuju," Mzee Bundi akaanza, "hatujakuja kukugandamiza. Tunataka kukusaidia kutafuta."

"Kutafuta nini?"

"Mlango. Jambo kama hili halimpati mtu hivi hivi. Lazima kuna mlango ulioachwa wazi. Ulipanda siku gani?"

"Jumatatu."

"Hukuanza kuchora mitaro Jumapili jioni?"

"Jumapili jioni nilikuwa kwako, mzee, tukimwombea mke wako mgongo."

Ednah alikohoa kwenye leso. Mzee mmoja akajaribu njia nyingine. "Mbegu. Mbegu ulitoa wapi?"

"Kwa Mzee Bundi."

"Ee. Mbegu iko sawa, basi. Kuna mtu umemkosea? Fikiria vizuri. Mtu yeyote mliyekosana naye."

"Yupo."

"Nani?" Wote wakainama mbele.

"Nyinyi. Tangu Jumapili."

Nilicheka, na ngoma chini yangu ikacheka pamoja nami. Mzee Bundi akanigeukia.

"Kailemia, wewe hapa ni mgeni."

"Mgeni anaweza kuuliza swali?"

"Hawezi."

"Basi nitasema tu. Kiunga anayenunua waru kwa lumbesa, anayejaza gunia mpaka linaota kichwa cha pili halafu anaita gunia moja, shamba lake liko pale karibu na barabara. Mvua ilimgusa?"

"Haikumgusa."

"Mlango wake umefungwa na kufuli gani, tuununue na sisi?"

"Kailemia!" Huyo alikuwa Gatakaa mwenyewe. "Nyamaza. Naongea mimi."

Akamgeukia Mzee Bundi, na sauti yake ikashuka. "Mzee wangu, mimi sijasema hakuna Mungu. Sijasema ni mbaya. Nimesema sijui kwa nini. Wewe unasema unajua. Mimi na wewe nani anamheshimu zaidi?"

Mzee Bundi aliegemea meza. Ana mikono mikubwa yule mzee, mikono ya mtu aliyeng'oa visiki, na niliona inatafuta kitu cha kushika juu ya meza na haikioni.

"Lazima kuwe na sababu," akasema. "Kama hakuna sababu, Mama Kajuju... kama inaanguka tu popote... basi mimi Mukiri wangu..."

Hakumaliza. Na mimi, ambaye nilikuwa nimekuja na maneno ya kutosha kubomoa hicho chumba, nikayameza. Kwa sababu nakumbuka. Ubaya wangu, sisahau.

Nilikuwa mdogo, bado na kaptura ya shule. Watu walikuwa wakitoka mazishini kwa miguu, wakishuka mteremko, wakati lori la maziwa lilipopoteza breki juu. Liliwaacha walevi waliokaa nje ya baa. Liliwaacha vijana waliokuwa wakicheza karata. Likaingia katikati ya watu wenye vitabu vya nyimbo. Mukiri, mwana wa Mzee Bundi, alikuwa mbele, amebeba msalaba. Jumapili iliyofuata mama mmoja alisimama kanisani kutoa ushuhuda: alikuwa kwenye lile kundi lakini alikuwa amerudi nyuma kuchukua mwavuli. Mungu alimkumbusha mwavuli! Bwana asifiwe! Na Mzee Bundi na mkewe, kaburi likiwa na udongo mbichi, walikuwa benchi la mbele. Niliwaona. Nilitaka kuona watafanya nini. Midomo yao ikafunguka ikasema, "Asifiwe."

Nimeishi na mwavuli ule kichwani tangu siku ile. Ndio ulionifanya nikae karibu na mlango.

Uamuzi ukatoka hata hivyo. Jumapili ya mavuno Gatakaa asimame mbele ya watu, arudishe neno lake, aseme "Bwana asifiwe" kama kila mtu. Mpaka siku hiyo, avue kitambaa cha chama, kikae juu ya meza ya kanisa. Akikataa, kitambaa hakirudi tena.

Ednah alinyoosha mkono bila kumwangalia. Gatakaa alikivua mwenyewe, akakikunja pembe nne, akakiweka mezani.

Usione ni kitambaa tu. Mwanamke wa chama akifa huku kwetu, wenzake humbeba wenyewe, hawaruhusu mwanamume ashike sanduku, na kitambaa chake hulazwa juu. Wanaimba mpaka kaburini. Mama yake Gatakaa alikwenda hivyo. Asiye na kitambaa huzikwa na ndugu zake na majirani, basi.

* * *

Njiani nilikuwa nachemka.

"Shemeji, usirudishe! Ukirudisha neno lile wamekumaliza. Toka! Kwani lazima ukae mahali ambapo mtu anamshukuru Mungu kwa msiba wako? Toka, ukae nyumbani Jumapili ule chapati kama mimi!"

"Wewe huli chapati Jumapili. Kila Jumapili uko pale mlangoni."

"Mimi nakwenda kuangalia."

"Unaangalia nini miaka yote hiyo?"

Alikuwa akitembea haraka, kichwa wazi, na upepo wa mlima ulikuwa ukimvuruga nywele. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuziona nywele zake nje ya nyumba, zimeanza mvi.

"Nisikilize, Kailemia. Nani alikwambia nataka kutoka? Mimi nikikosana na baba yangu, nahama kwetu? Nakaa hapo hapo, nagombana naye jikoni. Kila asubuhi nikilima nipande minji, hizi njegere, badala ya viazi, nagombana naye. Namwambia, Murungu, Mungu wangu, hiki ulichonifanyia sikielewi na sikipendi. Kwa sauti! Majirani wanafikiri nimepata kichaa."

"Na anajibu?"

"Hajajibu. Lakini sijawahi kugombana na mtu ambaye hayupo."

"Basi Jumapili ya mavuno utasema nini?"

Hapo alipunguza mwendo. "Hilo ndilo linaniua. Nikisema 'Bwana asifiwe' vile wanavyotaka, nitakuwa nimemwambia uongo mbele ya uso wake. Nikikataa, nitazikwa na wewe na makofi yako."

* * *

Miezi miwili ikapita, ikafika Jumapili ya mavuno! Huku kwetu ni siku ya kuona. Mabua ya mahindi yamefungwa kwenye nguzo, mikungu ya ndizi mlangoni, kabichi kubwa kama vichwa vya ndama, jogoo aliyefungwa miguu anapiga kelele kuliko mhubiri. Mzee Bundi alikuwa ameleta kapu la viazi vya kwanza, vyekundu, vimeoshwa, vinang'aa. Shamba lake lilikuwa tayari. Jumatatu wachimbaji wangeingia. Kiunga wa lumbesa alikuwa ameleta mbuzi na shati jipya.

Gatakaa aliingia kichwa wazi. Ungesikia shingo zikigeuka. Kajuju alikuwa amekuja kutoka Nchiru, ameshika mkono wa mama yake kwa nguvu. Gatakaa alipita mbele na sinia. Juu ya sinia kulikuwa na mashina ya viazi vyake yaliyokauka, yale yaliyochapwa na mawe, na viazi vya ukubwa wa gololi. Akaviweka katikati ya kabichi na ndizi.

"Mama, hii ni nini?" Mchungaji Njiru akanong'ona.

"Ni mavuno yangu, Pastor."

Watu waliguna. Mzee Bundi aliangalia ile sinia, akaangalia kapu lake, akaangalia viatu vyake.

Wakati ulipofika, Mchungaji alimpa maiki. Kitambaa kilikuwa juu ya meza, kimekunjwa pembe nne vile vile. Nami sikuweza kukaa mlangoni. Nilipita katikati mpaka mbele, nikasimama kando ya nguzo. Nje mawingu yalikuwa yamefunga. Dirisha lilikuwa la rangi ya risasi na mlima haukuonekana kabisa.

Gatakaa akashika maiki kwa mikono miwili. Akafungua mdomo.

Paaa!

Jiwe la kwanza kwenye mabati. Kila mtu akaangalia juu. Paa! Pa-paa! Halafu mbingu yote ikaangushwa juu ya paa letu kwa wakati mmoja. Ndugu msomaji, kama hujawahi kuwa chini ya mabati mvua ya mawe ikishuka, hujui kelele. Umeme ukakatika, maiki ikafa. Jogoo akanyamaza. Watoto walikuwa wanalia lakini unaona midomo tu. Na Gatakaa, pale mbele, hakunyamaza! Alikuwa anaongea! Maiki imekufa mkononi na yeye anaongea, kichwa juu, mishipa ya shingo imesimama, machozi yanashuka, anapiga kifua, ananyoosha kidole kwenye mabati, anaongea na mabati yanamjibu, anapandisha sauti na mabati yanapandisha zaidi! Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote na sikusikia hata neno moja. Alisema yote. Alisema mpaka akaisha. Kisha akaweka maiki mezani, na kama mtu aliyezima bomba, mvua ikakatika.

Kimya kile! Maji yakidondoka tu kwenye ukingo.

"Waru zangu," akasema Mzee Bundi.

Halafu tukakimbia. Kanisa zima, wazee, kwaya, akina mama wameinua sketi, Kiunga na shati lake jipya, mbuzi wake naye amekata kamba. Mawe yalikuwa yamejaa njiani, yanateleza chini ya viatu kama mahindi yaliyomwagika. Mchungaji Njiru alianguka mara mbili na akanyanyuka akisema maneno ya Dallas ambayo sitayaandika. Kila mtu alikuwa na shamba lake machoni na hakuna aliyejua mstari umepita wapi safari hii. Ukimkuta mtu anakimbia hivyo usimwulize chochote.

Tulipofika juu ya kilima tukaona.

Mstari ulikuwa umepita katikati ya shamba la Mzee Bundi. Lote. Kutoka ua hadi ua, uji wa kijani. Ulikuwa umevuka seng'enge na kuchukua nusu ya minji za Gatakaa, nusu nyingine imesimama na maua yake meupe. Ulikuwa umechukua sukumawiki zangu, ambazo hazijamkosea mtu. Na pale barabarani, shamba la Kiunga wa lumbesa lilikuwa limesimama wima, jani kwa jani, kama polisi siku ya gwaride.

Watu waliangalia shamba la mzee wa kanisa. Wakaangalia la Kiunga. Wakaangalia tena. Ungeona hesabu zikiwakataa vichwani.

"Sasa," Ednah akasema polepole, "Mungu anapenda lumbesa?"

Mtu mmoja alicheka, akaziba mdomo. Kiunga mwenyewe alirudi nyuma kidogo. "Mimi sijasema kitu," akasema. "Mimi nimesimama tu."

Na mimi nikaona nafasi yangu. Miaka yote ile ilikuja kooni kwa pamoja: mwavuli, lori, chumba cha ngoma, kitambaa mezani. Nikaweka mikono mdomoni nikapaza sauti mpaka ng'ambo ya pili ikarudisha:

"Bwana asifiweee! Mzee Bundi! Imepiga kona leo? Ikaenda wapi?"

Hakuna aliyeitikia. Mzee Bundi alikuwa amesimama ndani ya shamba, mgongo kwetu, koti limelowa. Hakugeuka. Mkewe alikuwa ameshika nguzo ya ua kwa mikono miwili. Niliona yale mabega mapana yanashuka, nikajua nimeyaona mabega hayo yakishuka hivyo hivyo benchi la mbele, na sauti yangu ikaniishia hewani.

"Kailemia!" Gatakaa alikuwa tayari anavuka seng'enge, gauni la Jumapili limeshikwa na miiba, anaivuta inachanika. "Umemaliza?"

"Shemeji, lakini yeye ndiye..."

"Yeye ndiye nini? Ametenda nini leo asubuhi, niambie! Aliacha mlango gani wazi? Unataka niketi naye pale kwenye ngoma nimwulize alipanda siku gani?" Alikuwa ananing'akia mimi kuliko alivyowahi kuwang'akia wazee. "Nilikataa wanifanyie mimi, halafu nimfanyie yeye? Funga mdomo ulete jembe!"

"Jembe la nini?"

"Hivi viazi vimekomaa! Majani yamekufa lakini chini viko. Maji yakilala kwenye hii mitaro mpaka kesho vimeoza vyote. Mnasimama mnaangalia nini? Kwani ni sinema? Ednah! Nendeni mlete majembe!"

Na wakaenda! Wakakimbia tena, safari hii wakijua wanakokwenda. Majembe yakatoka kila boma, na debe, na mapanga, na Kajuju na gunia kichwani, na Mchungaji Njiru akashikilia jembe kama mtu anayeshika nyoka. Hata Kiunga akaleta magunia yake.

"Magunia ya kawaida, Kiunga!" nikamwambia.

"Ya kawaida, ya kawaida, Kailemia, jamani, hata leo?"

Tulichimba tukiwa tumevaa nguo za kanisa. Tope lilikuwa la baridi, limechanganyika na barafu, vidole vinakufa. Lakini chini, kweli, vilikuwepo! Kila mtu akitoa shina anapiga yowe, "Viko! Viko!" Viazi vyekundu, vizima, vinatoka kwenye lile tope kama watu waliofichwa.

Ednah alikuwa mtaro mmoja na Gatakaa. Alichimba, akachimba, akashindwa kuvumilia.

"Mama Kajuju, wewe pale mbele ulitubu au hukutubu? Maana mimi nilisikia 'samahani'."

"Mimi nilisikia 'sitaki'," akasema mzee mmoja nyuma.

"Pastor, wewe ulisikia nini?"

"Mimi nilisikia mabati," akasema Mchungaji Njiru.

Gatakaa hakuinua kichwa. "Sikuwa naongea na nyinyi. Niliyekuwa naongea naye alikuwa ananijibu. Hamkusikia zile kelele?"

"Alisema nini?"

"Si lugha ninayoijua." Akatupa kiazi kwenye debe. "Lakini alikuwepo."

Mvua ndogo ilianza tena, ya maji tu. Mchungaji Njiru akaacha jembe, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kitu cheupe. Kitambaa. Alikuwa amekibeba kutoka mezani wakati wa kukimbia, nadhani bila kufikiri. Alisimama nacho katikati ya shamba, akimwangalia Ednah, akimwangalia Mzee Bundi, kijana wa watu, hajui sheria inasemaje.

"Pastor," Gatakaa akasema, "unangoja kikao? Lete hapa, nanyeshewa."

Akakichukua kwa mikono ya tope, akakifunga kichwani. Kilikuwa na alama za vidole vyake vyote. Ednah alifungua mdomo, akaufunga, akarudi kuchimba.

Mzee Bundi alikuwa bado amesimama pale pale. Gatakaa alimfuata, akamwekea jembe mkononi, na ile mikono mikubwa hatimaye ikawa na kitu cha kushika.

"Mzee wangu. Sema sasa."

"Niseme nini?"

"Ile yako. Ile unayosema kila Jumapili. Nilikwambia nitakuitikia siku utakayoisema yote."

Alimwangalia. Akaangalia uji wa kijani kutoka ua hadi ua. Akamwangalia mkewe pale kwenye nguzo. Watu waliacha kuchimba. Nami nilikuwa nimeshika kiazi, sikukumbuka kukiweka chini.

"Bwana..." Sauti ikakatika. Akaanza upya, chini kabisa, bila kusimama wima, bila kuvuta koti. "Waru zangu zimekwenda. Mukiri wangu alikwenda. Sijui kwa nini. Bwana asifiwe."

"Asifiwe," Gatakaa akasema.

Peke yake. Ilikuwa sauti ya kawaida, ya mtu anayejibu akiitwa. Halafu Mama Mukiri kwenye nguzo: "Asifiwe." Halafu Ednah. Mimi sikusema. Bado nina maswali yangu na sijayaweka chini. Lakini nitasema ukweli kwa kuwa nilikuwepo: katika miaka yote ya kukaa mlangoni, hiyo ndiyo mara ya kwanza niliposikia neno lile na nisitafute njia ya kutoka.

Mzee Bundi alipangusa uso kwa mkono wa koti. Mazoea ni mazoea. Kabla hajajua anafanya nini, kidevu kikainuka.

"Na tena?"

"Mzee," Gatakaa akasema, tayari ameinama kwenye mtaro, "moja yatosha kwa leo. Chimba."